Jinsi ya Kutafuta Dawa za Magonjwa ya Kinga kwa Kuongozwa na Protini za Virusi

Mwongozo huu unamlenga mtafiti kijana wa Bagamoyo aliyesomea baiolojia ya molekuli, famasia au sayansi ya maabara, mwenye kompyuta mpakato, mtandao wa saa kadhaa kwa siku, na uwezekano wa kuomba nafasi katika maabara yenye vifaa. Mji huu si mgeni wa kazi za kinga ya mwili, kwa kuwa tawi la Taasisi ya Afya Ifakara lililopo hapa limeshiriki majaribio ya chanjo za malaria za RTS,S, PfSPZ na R21, na stadi zinazohitajika katika kazi hiyo, kama vile kutenganisha seli nyeupe za damu na kupima saitokini (protini ambazo seli za kinga hutumia kuwasiliana), ndizo zile zile zitakazohitajika hapa. Kinachobadilika ni swali. Badala ya kuuliza namna ya kuiamsha kinga dhidi ya kimelea, tunauliza namna ya kuituliza pale inapoushambulia mwili wenyewe, kama inavyotokea katika baridi yabisi ya viungo, soriasisi, lupusi na baadhi ya magonjwa ya utumbo.

Sababu ya kuvigeukia virusi ni kwamba vimekuwa vikiituliza kinga hiyo kwa muda mrefu sana. Kirusi kinachotaka kuendelea kuishi ndani ya mnyama hulazimika kuzuia mchochota, yaani wekundu, joto, uvimbe na maumivu yanayoletwa na kinga, na baadhi ya virusi hufanya hivyo kwa kutoa protini zinazozishika molekuli za kinga moja moja na kuzizima. Protini ya namna hiyo imechujwa na uteuzi wa asili kwa vizazi visivyohesabika, kwa hiyo mahali inaposhika panastahili kuchunguzwa. Nasisitiza neno mahali. Wanaoanza kazi hii huvutiwa na protini yenyewe wakadhani ndiyo dawa, ilhali kwa maoni yangu faida yake kubwa zaidi ni kutuonyesha molekuli ya binadamu inayofaa kulengwa.

Mfano bora wa jambo hili ni historia ya IL-17, saitokini inayochochea mchochota. Mwaka 1993 watafiti waliokuwa wakichunguza seli T za panya walieleza jeni waliloliita CTLA-8, ambalo sasa linaitwa IL-17, wakaona kwamba linafanana na jeni la kirusi cha herpes saimiri, ambacho huishi ndani ya tumbili wadogo wa Amerika ya Kusini bila kuwadhuru. Mwaka 1995 kikundi kingine, nchini Marekani, kilitumia protini ya kirusi hicho kutafuta kipokezi chake juu ya seli, kikakipata kipokezi ambacho hakikuwa kikijulikana. Leo tunakiita kipokezi cha IL-17. Mwezi Januari 2015 Marekani iliidhinisha secukinumab, kingamwili inayoizuia IL-17A, kwa wagonjwa wa soriasisi, na mwezi Februari 2017 ikaidhinisha brodalumab, ambayo hukizuia kipokezi chenyewe kilichovuliwa kwa protini ya kirusi miaka 22 kabla. Hakuna hata chembe ya kirusi katika dawa hizo mbili. Msomaji azingatie pia kwamba protini hiyo haikuwa ikiizuia IL-17, bali iliiga kazi yake na kuiamsha seli. Dawa zilizofuata zilikwenda upande wa pili. Kwa hiyo usiitupe protini kwa sababu tu inachochea badala ya kutuliza.

Kuchagua kirusi na jeni

Anza na virusi vikubwa vya DNA, hasa jamii ya poksi na jamii ya herpes. Kirusi cha VVU kina jeni 9 tu, kwa hiyo kila protini yake imelemewa na kazi nyingi, lakini virusi vya poksi vina jeni zinazokaribia 200 na vina nafasi ya kubeba protini ambazo kazi yake pekee ni kuihadaa kinga. Katika virusi vya poksi, jeni za katikati ya jenomu kwa kawaida ndizo zinazohusika na kujizalisha na hufanana kutoka kirusi hadi kirusi, ilhali jeni za kuihadaa kinga hukaa zaidi kwenye ncha mbili. Elekeza macho yako kwenye ncha hizo.

Kipimo kinachofaa kuliko vyote katika hatua hii ni swali moja: jeni likiondolewa, je, kirusi huendelea kukua vizuri katika seli za maabara lakini hudhoofika ndani ya mnyama? Jibu likiwa ndiyo, umepata jeni ambalo kazi yake ni kupambana na kitu kisichokuwepo kwenye sahani ya maabara, na mara nyingi kitu hicho ni kinga. Huna haja ya kufanya jaribio hilo mwenyewe, wala hupaswi kushika kirusi hai. Kwa vaccinia (kirusi kilichotumika kuchanjia ndui), kwa kirusi cha ndui ya ng'ombe na kwa kirusi cha myxoma cha sungura, taarifa hizo zimechapishwa tangu miaka ya 1980 na zinahitaji kusomwa kwa utulivu tu.

Kipimo cha pili ni marudio. Virusi kadhaa visivyo na nasaba ya karibu vinapoishambulia molekuli ile ile kwa njia tofauti, molekuli hiyo ipande juu katika orodha yako. TNF, saitokini inayochochea mchochota, ni ushahidi wa wazi. Kirusi cha fibroma cha Shope cha sungura na kirusi cha ndui ya ng'ombe hutoa nakala za kipokezi cha TNF zinazoinasa kabla haijaifikia seli. Kirusi cha tanapox, kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza miongoni mwa Wapokomo wa bonde la Mto Tana nchini Kenya katika milipuko ya 1957 na 1962, hufanya kazi hiyo hiyo kwa protini iitwayo 2L, ambayo haifanani hata kidogo na kipokezi cha TNF, kwani umbo lake liko karibu na molekuli za MHC za daraja la kwanza, ambazo huzionyesha seli T vipande vya protini. Njia mbili, shabaha moja. Dawa zinazoizuia TNF, kama infliximab na etanercept zilizoidhinishwa 1998, zimewasaidia wagonjwa wengi wa baridi yabisi ya viungo, na mtu aliyekuwa akivisoma virusi kwa makini mwanzoni mwa miaka ya 1990 angeweza kutabiri hivyo.

Kuna pia kipimo cha daktari, ambacho watu wa kompyuta hukisahau. Tazama ugonjwa wenyewe ulivyo. Kirusi cha molluscum contagiosum huwaletea watoto wetu vipele vidogo vyenye kitovu katikati, vinavyoweza kukaa miezi mingi bila wekundu wala maumivu ya maana, ingawa ngozi ni kiungo kilichojaa walinzi. Ukimya wa namna hiyo una sababu. Kirusi hicho hutoa protini MC54, inayoizima saitokini IL-18, na MC148, inayokiziba kipokezi cha kemokini (saitokini zinazoziita seli za kinga) kiitwacho CCR8. Binadamu naye ana protini yake ya kuishika IL-18, iliyoelezwa mwaka 1999, yenye nasaba moja na MC54, nayo imekwisha kupelekwa kwenye majaribio ya wagonjwa kama dawa.

Kazi ya kompyuta

Hatua hii inaweza kufanyika ukiwa umekaa Bagamoyo na bila gharama zaidi ya mtandao na muda. Pakua protini zote za kirusi ulichokichagua kutoka kanzidata ya UniProt au ya NCBI. Zipitishe kwenye programu ya SignalP ili kuona zipi zina kipande cha mwanzo kinachoielekeza protini nje ya seli, kisha uondoe zile zenye sehemu za kukaa ndani ya utando wa seli. Utabaki na orodha fupi ya protini zinazotolewa nje, na hizo ndizo rahisi kuzitumia kwa sababu shabaha zao pia huwa nje ya seli, mahali ambapo kingamwili inaweza kufika. Protini za ndani ya seli zisidharauliwe, ila ziwekwe kando kwa ajili ya mradi wa baadaye.

Kwa kila protini iliyobaki tafuta jamaa zake za binadamu. BLAST, programu inayolinganisha mifuatano, ndiyo hatua ya kwanza, lakini haitoshi, kwa maana protini za virusi hubadilika haraka mno kiasi kwamba mfuatano wa asidi amino hupoteza ufanano huku umbo likibaki. Tumia HHpred kwa nasaba za mbali, kisha tabiri umbo kwa ColabFold na kulilinganisha na maumbo ya protini za binadamu kwa Foldseek. Kanzidata ya AlphaFold ilipoanza iliziacha nje protini za virusi, ndiyo maana nashauri ujifunze kutabiri umbo mwenyewe. Ukiona umbo la 2L likielekea kwenye MHC, utaelewa kwa nini BLAST peke yake ingekupotosha: jamaa wa umbo si lazima awe jamaa wa kazi, na kompyuta haikwambii protini inashika nini. Inakupa dhana ya kwenda nayo maabara.

Kutengeneza chambo na kuvua

Chambo chetu ni protini ya kirusi. Agiza jeni lake litengenezwe na kampuni ya usanisi wa DNA, likiwa limeandikwa kwa namna inayosomeka vizuri katika seli za mamalia, na kwenye mkia wake liunganishwe na sehemu ya Fc, yaani shina, ya kingamwili ya binadamu ya IgG1. Mkia huo una faida tatu: unaiwezesha protini kusafishwa kwa safu ya protini A, ambayo huishika Fc, unaiunganisha mbili mbili hivyo kuongeza nguvu ya kushika, na unakupa mpini wa kuigundua popote iliponasa. Usichague jeni la kirusi cha ndui ya binadamu. Shirika la Afya Duniani limeweka masharti makali kuhusu vipande vya jenomu yake, kampuni za usanisi huchuja maagizo, na jamaa yake vaccinia anakupa karibu kila unachohitaji.

Mvuvi wa pwani hatupi ndoana yenye chambo kizuri mahali pasipo na samaki, na hapa pia uchaguzi wa seli unatangulia kuvua. Chukua aina kadhaa za seli, zikiwemo monosaiti (aina ya seli nyeupe), seli T, seli B, seli za ukuta wa mishipa ya damu na seli za tishu unganishi, uzichanganye na chambo, kisha upime kwa flosaitometa, kifaa kinachopima mng'ao wa seli moja moja, ni zipi zinazoshikwa. Seli inayong'aa kuliko nyingine ndiyo yenye shabaha nyingi. Hapo ndipo unapozipasua seli hizo kwa sabuni laini, unapitisha mchanganyiko kwenye chembe zilizobeba chambo, unaosha, na kupeleka kilichobaki kwenye spektrometa ya masi, kifaa kinachopima uzito wa vipande vya protini, ili kujua ni protini gani. Kwa njia ya namna hii watafiti waliotumia A39R, protini ya vaccinia, walikipata mwaka 1998 kipokezi kipya kutoka seli B za binadamu ambacho sasa kinaitwa pleksini C1, na baadaye ikafahamika kwamba mwili wenyewe hukitumia kipokezi hicho kwa molekuli yake iitwayo Sema7A.

Usipoona seli yoyote ikishikwa, huenda shabaha ni molekuli inayoelea. Katika hali hiyo paka saitokini na kemokini mbalimbali kwenye sahani ya ELISA (kipimo cha kugundua protini kwa rangi) na ujaribu chambo juu ya kila moja. Vaa glavu na kofia muda wote, kwa sababu protini ya ngozi na nywele za mfanyakazi ndiyo samaki anayenaswa mara nyingi kuliko wote.

Sampuli ya kulinganishia ni Fc tupu isiyo na protini ya kirusi. Seli nyeupe nyingi zina vipokezi vya Fc, na asiyekuwa na kipimo hicho atatangaza ugunduzi wa kipokezi cha Fc, ambacho dunia inakijua tangu zamani. Ni afadhali zaidi kutumia Fc iliyobadilishwa isishikwe na vipokezi hivyo, na bado ukaendelea kuilinganisha.

Kupima juu ya seli za damu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Jaribio la kawaida ni kuchukua seli nyeupe za mtu aliyeridhia, kuzichochea kwa LPS, yaani sumu ya ukuta wa bakteria, pamoja na chambo au bila chambo, na kupima saitokini IL-6, TNF na IL-1 kwenye maji ya seli baada ya saa kadhaa. Tatizo ni kwamba LPS ile ile huingia katika protini zilizotengenezwa ndani ya bakteria E. coli, na kiasi kidogo mno kinatosha kuziamsha monosaiti. Protini yako itaonekana kama inachochea kinga kumbe ni uchafu. Ndiyo maana nimesisitiza seli za mamalia. Hata hivyo pima endotoksini, yaani LPS hiyo, katika kila toleo la protini, na uweke kipimo cha kuchemsha: protini ikichemshwa hupoteza umbo na kazi yake, lakini LPS huvumilia joto, kwa hiyo athari inayobaki baada ya kuchemsha haitokani na protini yako.

Uteuzi wa watu wa kutoa damu nao una uzito wa pekee kwetu. Malaria isiyo na dalili, minyoo na maambukizi mengine hubadilisha namna seli zinavyojibu, kwa hiyo mpime kila mtoaji malaria kwa kipimo cha haraka na umuulize kuhusu dawa alizomeza karibuni. Utafiti uliochapishwa 2021 kuhusu Watanzania wenye afya 323 wa mkoa wa Kilimanjaro ulionyesha kuwa wakazi wa mjini walikuwa na hali ya mchochota kubwa zaidi kuliko wa vijijini, na chakula kilihusishwa na tofauti hiyo. Ukichanganya watu wa Dunda mjini na wa vijiji vya ndani bila kuandika ni nani katoka wapi, utapata matokeo yaliyotawanyika na hutajua sababu. Upande mwingine, hii ni faida ambayo maabara za ng'ambo hazina: dawa inayotuliza seli za watu wa hali zote mbili inaaminika zaidi.

Kisha thibitisha uhusiano. Shabaha iliyotajwa na spektrometa inunuliwe ikiwa safi, na nguvu ya mshikamano ipimwe. Protini za virusi kwa kawaida hushika kwa kiwango cha nanomola au chini yake, na mshikamano dhaifu mno ukutie shaka. Ondoa jeni la shabaha katika seli kwa CRISPR, zana ya kukata jeni: chambo kikiendelea kushika, shabaha hiyo ni ya uongo. Mwisho, tengeneza au ununue kingamwili inayoiziba shabaha uone kama inaleta utulivu ule ule ulioletwa na protini ya kirusi. Matokeo ya jaribio hili la mwisho ndiyo yanayobadili udadisi kuwa mradi wa dawa.

Dawa iwe nini

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuitumia protini ya kirusi yenyewe. Serp-1 ya kirusi cha myxoma, inayozuia vimeng'enya vinavyohusika na kuganda kwa damu na mchochota wa mishipa, ilijaribiwa kwa wagonjwa 48 wa moyo waliowekewa stenti, na matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha usalama wa kuridhisha na kupungua kwa alama za kuumia kwa misuli ya moyo. Ilitolewa kwa siku chache tu, na hilo ni la maana: mgonjwa wa baridi yabisi huhitaji dawa kwa miaka, na mwili wake utaanza kutengeneza kingamwili dhidi ya protini ngeni. Ya pili ni kukata kipande kidogo kinachofanya kazi. Kutoka A46 ya vaccinia watafiti wa Ireland walipata kipande cha asidi amino 11 kiitwacho VIPER, kinachozuia ishara za TLR4, kipokezi kinachoitambua LPS. Vipande vya aina hiyo ni zana nzuri za maabara, lakini huvunjwa haraka mwilini. Ya tatu ni kuiacha protini ya kirusi na kutengeneza kingamwili au molekuli ndogo dhidi ya shabaha. Hiyo ya tatu ndiyo ningeipendekeza kwa takriban kila ugonjwa wa kudumu.

Kabla ya kwenda kwa wanyama, hakikisha protini au kingamwili yako inaishika molekuli ya mnyama huyo. Protini M-T7 ya myxoma huishika intaferoni gama (saitokini nyingine) ya sungura kwa nguvu, lakini ile ya binadamu na ya panya haiishiki, na panya angekupa jibu la hapana ambalo halina maana yoyote.

Lifikirie pia swali la madhara mapema, kwa sababu molekuli ambayo virusi huizima ipo mwilini kwa kazi. Wanaotumia dawa za kuzuia TNF huwa katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu kilicholala kuamka, na Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kuzuia IL-17 huongeza fangasi za kinywa na ngozi, na kumewazidishia maradhi baadhi ya wagonjwa wa utumbo wa Crohn. Kwa shabaha yoyote mpya, jaribu mapema kama seli zinazotulizwa bado zinaweza kupambana na bakteria wa kifua kikuu, ukitumia BCG, bakteria wa chanjo waliodhoofishwa. Jaribio hilo linawezekana katika maabara ya hadhi ya wastani, na maabara za nchi zisizo na ugonjwa huo mara nyingi hulichelewesha.

Vibali

Damu ya binadamu haiguswi kabla ya idhini ya kamati ya maadili ya taasisi yako na ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtafiti wa nje anayeshirikiana nawe atahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Sampuli zikilazimika kwenda ng'ambo, kwa mfano kwa ajili ya spektrometa, sharti kuwe na makubaliano ya kusafirisha sampuli yaliyopitishwa na NIMR, na dawa ikifikia hatua ya kupewa mtu, TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ndiyo yenye kauli. Maombi haya huchukua muda, hivyo yaandike wakati bado unafanya kazi ya kompyuta, na katika sehemu ya usalama wa maabara eleza bayana kwamba unatumia jeni moja moja zilizosanisiwa na kwamba hakuna kirusi kamili kitakachoingia Bagamoyo.